Bastola Chini ya Gogo

Fundi hakupenda chuma kinachong'aa. Ukimpelekea gobore lako umelisugua kwa mchanga mpaka mtutu unatoa mwanga kama sufuria mpya ya harusi, alikuwa analishika kwa vidole viwili, analigeuza, halafu anakuuliza, "Umeling'arisha ili iweje? Nguruwe akuone vizuri?" Kisha analiweka pembeni kabisa, na hapo unajua utalisubiri wiki tatu.

Kazi yake ilikuwa hiyo, magobore. Sio kutengeneza mapya. Hilo lilikuwa kosa na alilikataa hata kwa ndugu. Yeye aliyafanya yapendeze na yafanye kazi. Kitako kilicholiwa na mchwa anakibadilisha, nyundo inayopiga upande anainyoosha, kutu anaiondoa na mtutu anaupa rangi nyeusi. Watu walimletea kutoka Litapunga, wakulima wa mahindi wenye ugomvi na nyani. Wasukuma waliotelemka na ng'ombe zao nao walikuja, magobore wameyafunga kwenye shuka, wanaongea kwa sauti kama vile wako malishoni. Na kila mmoja alikuja na kibali chake ndani ya mfuko wa nailoni, maana Fundi hagusi gobore lisilo na karatasi. Anasoma namba kwenye karatasi, anasoma namba kwenye mtutu, ile iliyogongwa na polisi. Zikilingana ndio anakukaribisha kiti. Hilo la namba mlishike. Nitalirudia, nisiposahau.

Mimi nilikuwa mchuuzi wa dagaa. Nilisoma mpaka darasa la tatu, mwalimu akahama, na mimi nikahama. Kila mwezi niliteremka Ikola ziwani kwa lori, nikanunua dagaa, nikarudi kuuza sokoni Mpanda. Karakana ya Fundi ilikuwa mtaa wa Makanyagio, kibanda cha tofali za kuchoma chenye bati lililotobokatoboka, na nilipita hapo kupumzisha mgongo. Lakini nisiwadanganye, sababu kubwa ilikuwa dada yake. Dada yake alikuwa anaanika dagaa Ikola, mjane, mkubwa kwa Fundi kwa miaka kama saba hivi. Kila safari alinipa kimfuko cha pembeni, dagaa waliochaguliwa, wasio na mchanga. "Mpelekee yule," anasema. "Na mwambie aje."

Nikifika Makanyagio, Fundi anaweka kimfuko mapajani, anakifungua, ananusa, anatafuna wawili wakavu.

"Dada anasema uende."

"Mwambie nipo."

Basi. Neno moja. Nililibeba neno hilo kwenda ziwani miaka mingi, na wala sikulipakia kwenye gunia, halina uzito, lakini nikishuka kwenye lori pale Ikola mabega yalikuwa yananiuma kuliko siku za mzigo.

Ngoja kwanza niwaambie alivyokuwa anatia rangi, maana hilo watu wengi hawalijui, na waliolijua wengi wamekufa. Alianza kwa kuusugua mtutu kwa tupa laini, halafu msasa, mpaka uwe mweupe. Kisha anaupaka maji ya ndimu na chumvi na kuuning'iniza kwenye chumba cha nyuma ambako aliweka mitungi ya maji ili kuwe na unyevu. Siku mbili, tatu, mtutu unavaa kutu nyekundu, nyembamba kama poda. Mwingine angelia. Yeye anafurahi. Anauchukua na kutu yake, anauchemsha kwenye maji ya mvua, na ile kutu nyekundu ikichemka inageuka nyeusi tii. Anapangusa, anapaka tena ndimu, anarudia. Mara saba. Mwisho anapaka nta ya nyuki wa Inyonga chuma kikiwa bado cha moto, na unapata rangi ambayo sijui niiiteje, kama mbegu ya mpapai ukiitoa kwenye tunda.

"Kutu usipigane nayo," aliniambia. "Ilishe wewe mwenyewe kabla haijajilisha."

Mtu wa namna hiyo ungedhani ni mwindaji. Hakuwa. Nyama ya porini hakula. Alisema inanuka miguu. Na mlio wa gobore aliuogopa. Mteja akitaka kujaribu silaha yake kule nyuma kwenye kichuguu, Fundi alikuwa anaingia ndani, anaziba masikio kwa vidole vyote viwili na kufumba macho, kama mtoto anayechomwa sindano. Mlio ukipita anatoka. "Imepiga?" "Imepiga, Fundi." "Haya, nenda nayo." Jumapili alikwenda misa ya kwanza, anakaa benchi la mwisho karibu na mlango, na padri akisema nendeni na amani yeye tayari yuko barabarani. Watu walisema ana haraka ya pombe. Pombe hakunywa. Alikuwa anarudi kukaa kwenye gogo lake.

Gogo lenyewe lilikuwa la mkuruti, nene, limechimbiwa chini kidogo, na juu yake lilikaa fuawe la kugongea vyuma. Mkewe alirudi kwao akisema amechoka kuishi na mwanaume aliyeoa gogo. Tulicheka sana sokoni. Na mimi nilicheka. Sikujua.

Nilijua kwa ajili ya njaa. Nilifika siku moja saa saba mchana, nimeshinda na muhogo mmoja tangu alfajiri. Fundi hayupo mbele, sufuria linachemka kwenye mafiga. Nikasema leo kuna maharage. Nikafunua.

"Hayo hayaivi," alisema nyuma yangu.

Ndani ya maji ilikuwa bastola. Siyo nzima, ilikuwa imefunguliwa, vipande vimefungwa kwa waya mmojammoja. Mtutu mfupi wenye pembe nane. Na kile kitumbo cha katikati kinachozunguka, chenye vyumba sita. Nilirudisha mfuniko taratibu kama mtu aliyefungua mlango wa bafu kukiwa na mtu.

Alifunga mlango wa mbele, akanikalisha, akanieleza. Mgeni mmoja wa ng'ambo alikuwa anakuja kuwinda kwenye kitalu huko porini, na pamoja na bunduki zake kubwa alikuja na hii ya kuchezea, ya kulenga makopo kambini. Sio ya kale, ni ya kuiga. Huko kwao kuna viwanda vinatengeneza mpya kwa sura ya zile za babu zao: unamimina baruti kwa mbele, chumba kwa chumba, unashindilia goroli la risasi, unaweka fataki nyuma. Gobore tu, lakini lenye matumbo sita. Sasa baruti nyeusi, kila mwenye gobore anajua, usiposafisha siku ileile asubuhi unakuta kutu. Mgeni hakusafisha. Ikaharibika. Dereva wa kambi akamwambia kuna fundi Mpanda mwenye mkono, akamletea: aitie rangi, na kile kitako chake cha kawaida akibadilishe, aweke mpingo. Mgeni ataipitia mwisho wa msimu akienda kupanda ndege.

"Karatasi je?" nilimuuliza. Maana nilimjua.

Akaangalia mikono yake. "Dereva alisema iko na mgeni. Nilitamani kazi, ndugu yangu. Nilikuwa sijawahi kushika kitu kama kile. Mara moja tu maishani nikapokea chuma bila karatasi."

Mgeni akashikwa na homa, akasafirishwa kabla msimu haujaisha. Kitalu kikapata mwenyewe mwingine. Yule dereva akaacha kazi kambini. Fundi alimkuta stesheni siku ya treni, amevaa kofia mpya.

"Bwana dereva, ule mzigo wako."

"Mzigo gani?"

"Wa mgeni. Umeshakwisha, ni mzuri."

"Mzee," yule dereva akasema, anaangalia kule na kule, "mimi siku hizi naendesha trekta. Mgeni simjui na wewe sikujui."

Na hapo ndipo mlango ulipojifunga. Wakati ule ng'ambo ya ziwa vita ilikuwa imewaka, watu wanashuka Ikola na Karema kwa maboti, wengine hata kiatu hawana, na pamoja nao bunduki zilikuwa zinavuka. Kila siku tunaambiwa silaha haramu, silaha haramu. Mtu akikutwa na bastola, nani atamuuliza kama ni ya kuiga?

"Si uipeleke polisi mwenyewe?" nilimwambia.

"Nikaseme nini?"

"Ukweli."

"Ukweli huu una karatasi?"

Nikamwambia basi, wewe una nyundo, una moto, ivunje. Alinitazama kama nimetukana mama yake. "Ya mteja hiyo," alisema. Na ukutani pale alikuwa na taa ya baiskeli ya mtu aliyekufa, na bawaba mbili za mlango wa mtu aliyehamia Tabora, vimefungwa uzi, vinasubiri wenyewe. Ndivyo alivyokuwa. Ukimwachia kitu amekuwa mlinzi wake.

Kwa hiyo bastola ilikaa chini ya gogo, imeviringishwa kwenye mpira wa tairi na kitambaa cha mafuta. Lakini ardhi ya Makanyagio ina chumvi, na masika maji yanapanda. Kila mvua zikiisha anaifukua, anakuta kutu imeing'ata hapa na pale, vishimo vidogo vidogo. Anasugua. Anachemsha. Anatia nta. Anazika tena. Kitako cha mpingo kilipasuka, akaweka kingine cha mzizi wa mninga, mwekundu wenye mistari kama maji yanayokwenda. Kila mwaka ilikuwa inatoka nzuri kuliko mwaka jana, na kila mwaka yeye alikuwa anazidi kukonda. Hakusafiri. Hakulala kwa mtu. Bati likavuja na hakumwita fundi wa bati, alipanda mwenyewe, akaanguka, akachechemea mpaka mwisho.

Kulikuwa na askari mmoja, mnene, mcheshi, aliyependa kupita pale mchana kunywa uji. Kiti kilikuwepo. Yeye alipenda gogo. Alikuwa anasogeza fuawe kidogo na kukaa pale pale, kikombe mkononi.

"Fundi, gogo lako lina joto," anasema. "Umelifuga?"

"Afande, kaa kwenye kiti, utachafua suruali."

"Nyie mafundi mna wivu hata na magogo."

Na Fundi anacheka, jasho linamtiririka nyuma ya masikio. Niliona kwa macho yangu. Sijawahi kuona mtu anacheka huku amekufa.

Sasa hapa nifike kwenye langu, maana nimeanza kuanika ya mtu na si vizuri kuficha yangu. Mwaka mmoja dada yake aliniambia macho yanamsumbua. Alikuwa anachagua dagaa kwa vidole. "Mwambie yule," alisema, "kwamba macho yanafunga. Jicho la kushoto limeshakwenda. Akichelewa atanikuta nipo lakini simuoni."

Nilimfikishia Fundi kama alivyosema. Hakusema mwambie nipo. Alianza kulitengeneza kufuli langu la sanduku ambalo wala sikumwambia ni bovu. Halafu, bila kuniangalia, akasema, "Wewe unafika ziwani kila mwezi."

"Nafika."

"Ziwa lile wanasema halina mwisho kwenda chini."

Nikaelewa. Mtu ambaye havunji cha mteja, siku hiyo alikuwa tayari kukizamisha. Ilikuwa kitu cha kilo moja na kidogo. Ningeweza kukitia katikati ya gunia la unga. Lakini njiani kulikuwa na geti, na askari wa wanyamapori walikuwa na vyuma virefu wanachoma magunia wakitafuta nyama, na kichwani niliona kile chuma kinagonga chuma, ting, na mimi nimesimama pembeni na watoto watano nyumbani.

"Fundi," nilisema, "nina watoto."

"Ni kweli," alisema. Akanipa kufuli. "Sasa linafunga."

Hakulitaja tena, wala hakunipunguzia salamu. Angenitukana ingekuwa nafuu. Lile kufuli ninalo mpaka leo na linafunga vizuri mno.

Halafu mgeni akarudi.

Ilikuwa kiangazi, miezi ya uwindaji, nilikuwa pale nasubiri lori. Gari la kambi nyingine likasimama, akashuka mzungu mwenye ndevu zilizoanza kuwa nyeupe, na kijana mkalimani. Mkalimani akasema, "Mzee, huyu anasema miaka iliyopita alikuachia kitu."

Fundi alikwenda kwenye ndoo akanawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko. Akafunga mlango. Akasukuma gogo, mimi nikamsaidia, akachimba kwa mikono yake, akaitoa, akaiweka juu ya kitambaa cheupe alichokuwa amekitunza kwa siku hiyo. Na uso, jamani, uso ulikuwa wa kijana. Nilimwona tayari yuko kwenye lori.

Mgeni aliishika. Akakizungusha kile kitumbo, kikalia tik, tik, tik, kama saa. Akapitisha kidole kwenye mninga. Akasema maneno mengi ya chini.

"Anasema hajawahi kuona kazi kama hii," mkalimani alisema. "Anasema huko kwao wangekugombania."

"Mwambie asante. Mwambie aichukue."

Mgeni akaigeuza juu chini. Akainama. Akatoa miwani, akavaa. Akatoa karatasi mfukoni, akatazama karatasi, akatazama chuma.

"Anauliza namba iko wapi."

"Haikuwa na namba," alisema Fundi. "Polisi hawakuigonga."

"Siyo ya polisi, mzee. Ya kiwandani. Anasema ilikuwa hapa chini, mbele ya triga. Ndogo."

Nilimwangalia Fundi na nikajua kwamba amekumbuka. Magobore yetu yana namba moja tu, ile ya polisi, kubwa, imegongwa juu ya mtutu, na hiyo Fundi alikuwa anaizunguka kwa tupa kama mtu anavyozunguka kaburi. Mikwaruzo mingine yote kwake ilikuwa uchafu au urembo wa mwenye kiwanda. Mwaka wa pili kutu iling'ata pale chini. Aliona vitu kama miguu ya sisimizi. Alisugua mpaka pakawa laini.

"Nilipasafisha," alisema.

Mkalimani alitafsiri. Mgeni alivua miwani. Walisemezana muda mrefu.

"Anasema bila namba hawezi kupita nayo uwanja wa ndege. Karatasi yake ni ya bastola yenye namba. Hii, kwa karatasi, siyo yake."

"Basi waende wote polisi," nilidakia mimi, "yeye ni shahidi, aseme."

"Mzee, akiingia polisi na kitu kisicho na namba, naye atalala ndani. Hatakwenda."

Mgeni aliirudisha kwenye kitambaa, taratibu, kama alivyoikuta. Alimshika Fundi mkono kwa mikono yake miwili. Akavua kofia yake akampa. Wakaondoka. Ile kofia Fundi hakuivaa hata siku moja. Kuku alitagia humo.

Mwezi uliofuata nilikwenda nikiwa nimejiandaa. Ndiyo mara ya mwisho ninayotaka kuwaeleza, ingawa baada ya hapo aliishi. Nilimwambia, "Sasa siyo ya mteja. Mwenyewe kaikana mbele yangu. Ni chuma tu. Washa moto, leo hii tuimalize, kesho alfajiri tunapanda lori mimi na wewe. Dada yako bado jicho moja linaona mchana."

"Sawa," alisema. Nilishangaa alivyokubali haraka.

Alimwaga makaa. Mimi nikakaa kwenye mivukuto, nikavuta upepo. Moto ukapanda, mwekundu, halafu ule mweupe. Alifukua bastola akaifungua, parafujo kwa parafujo, akapanga vipande kwenye kitambaa. Kila kimoja alikifuta. Mtutu. Kitumbo. Nyundo. Kitako cha mninga alikishika mkononi muda mrefu, kikaanza kung'aa kwa jasho. Akachukua mtutu kwa koleo. Akausogeza kwenye moto, karibu, nta ikaanza kuyeyuka na kunukia asali.

Akaurudisha nyuma.

"Vuta," alisema. Nikavuta. Akausogeza tena. Akaurudisha.

Tulikaa hivyo mpaka mikono yangu ikafa ganzi. Pale nilikuwa sina haki ya kusema, na nadhani mnajua kwa nini. Mwisho makaa yakaanza kuvaa majivu.

"Makaa haya mabaya," alisema.

Yalikuwa ya mti wa msaka, hakuna makaa mazuri kuliko hayo Mpanda nzima.

Akapaka mafuta, akaunga kipande kwa kipande, akaviringisha. Kitumbo kikalia tik kikiingia mahali pake, na aliinamisha sikio kukisikiliza. Halafu tukasukuma gogo, kwa sababu peke yake hakuliweza tena.

"Usikose lori," aliniambia mlangoni. "Mwambie nipo."

Nilifika Ikola jua likiwa kali. Dada yake alikuwa amepiga magoti kwenye mchanga, anageuza dagaa kwa viganja, uso ameuelekeza pembeni kama anasikiliza. Jicho lililobaki nalo lilikuwa limefunga mwezi ule. Nilikuwa nimepanga uongo mzuri njia nzima.

"Umekuja peke yako," alisema kabla sijafungua mdomo. "Nimesikia miguu ya mtu mmoja. Amesemaje?"

Uongo ulikataa kutoka.

"Amesema yupo, dada."

Alitikisa kichwa. Akachambua dagaa wazuri kama siku zote, kwa vidole, mmojammoja, akapuliza mchanga, akafunga kimfuko na kukinyoosha mbele yake mahali alipodhani nimesimama. Nilisogea ili mkono wake unikute.

"Hawa," alisema, "kula wewe."

Nilikula njiani, wakavu hivyo hivyo, tulipopita Sibwesa kimfuko kilikuwa kimekwisha. Na nilipofika Mpanda nilimwomba dereva azungukie upande wa stesheni, nisipite Makanyagio.